Barua kwa Mwanangu: Zanni Alikuwa Mtu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea tafsiri yako na nimeisoma mara mbili. Mahali pamoja pamenisimamisha, napo ni pale ulipolifasiri neno la Kiingereza "zany" kuwa "kichaa". Siku hizi neno hilo hutaja vituko vya kuchekesha, yaani mzaha wa mtu anayejitia ubwege kwa makusudi ili wenzake wacheke, wala hamna maradhi ya akili ndani yake. Tena awali halikuwa neno la kueleza tabia hata kidogo, bali lilikuwa jina la mtu.

Waitalia wana jina Giovanni, ambalo kwetu ni Yohana au Yahaya, nao hulifupisha likawa Gianni. Watu wa Venice walilitamka Zanni. Jina hilo lilikuwa limeenea mno miongoni mwa wanavijiji wa milima ya Bergamo, kaskazini mwa Italia, walioshuka mijini kutafuta kazi za utumishi na upagazi, hata waigizaji wa karne ya 16 wakamwita Zanni kila mtumishi wa jukwaani. Kundi la waigizaji lililoandikiana mkataba mjini Padua mwaka 1545, ambao ni miongoni mwa mikataba ya kale kabisa ya aina hiyo, liliongozwa na mtu wa jina la utani Zanini. Zanni alivaa nguo nyeupe pana na kinyago chenye pua ndefu, akasema kwa lafudhi ya kwao, na njaa haikumtoka. Huniuma kila nikumbukapo kwamba kicheko chote hicho kilianzia kwa pagazi mwenye njaa.

Baadaye walizoeleka Zanni wawili, mmoja mjanja wa kupanga hila na mwingine mzito wa kuelewa, mwenye kuzivuruga. Waingereza walipolichukua neno mwishoni mwa karne hiyo, walimwita hivyo msaidizi wa mchekeshaji, yule amfuataye nyuma akimwiga bila kumfikia. Ndiyo maana katika Twelfth Night, tamthilia ya Shakespeare, mhusika Malvolio anaposema kwamba wenye hekima wanaoshangilia wapumbavu wa kulipwa, yaani wachekeshaji wa kuajiriwa, si bora kuliko "zanies" wa wapumbavu hao, hawaiti wagonjwa. Anasema kwamba kwa kucheka kwao wamejipanga nyuma ya mpumbavu. Hapo andika "waigaji wa wapumbavu", na "vituko" uviweke kwenye sentensi za siku hizi.

Nasubiri nakala ya pili.

Mama yako