Harambee ya seva ya shule yetu, Ujiji

Wazazi, walezi, wahitimu wetu na wana-Ujiji wote popote mlipo: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Tunaomba mchango wenu tununue seva, yaani kompyuta kuu ya kutunza kumbukumbu za shule.

Wengi mmesikia habari za ile radi ya masika. Ilikuwa alasiri, mvua inakuja kutoka ziwani, na kompyuta ya ofisi ya taaluma ilikuwa imewashwa. Karani alisikia mlio mfupi, kisha harufu ya plastiki inayoungua. Humo ndimo yalimokuwa matokeo ya mitihani ya miaka sita, kumbukumbu za ada na majina ya watoto wote. Nakala haikuwepo popote. Walimu walikaa wiki tatu, kila baada ya vipindi, wakiandika upya alama kutoka kwenye madaftari yao, na madaftari mengine ya zamani yalikuwa yameshaliwa na mchwa. Wapo wahitimu waliofuata kumbukumbu zao wakarudi mikono mitupu. Jambo hilo limetuuma sana.

Safari hii tumeanza na umeme kabla ya kuulizia bei ya mashine yoyote. Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme wa hatari ardhini, ichimbwe vizuri, kinga ya radi iwekwe pale umeme unapoingilia jengo, ndipo zifuate betri na inverta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Betri hizo hazitaendesha shule siku nzima. Kazi yake ni kuipa seva muda wa kujizima taratibu umeme unapokatika, diski isije ikakatwa inaandika. Hapa zinahitajika shilingi milioni 2.4. Fundi akitushauri tupunguze hapa ili tupate seva kubwa zaidi, tutamkatalia.

Seva yenyewe ni ya kawaida na itatumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ambao haudai ada ya leseni. Itakuwa na diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Mama mmoja kikaoni aliuliza kama hizo diski mbili si ndiyo nakala yenyewe. Tulishukuru kuulizwa, maana wengi tulidhani hivyo. Karani akifuta kwa bahati mbaya orodha ya kidato cha pili, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Nakala ni ile itakayochukuliwa kila usiku kwenye diski ya pembeni, na nyingine itakayotolewa kila Ijumaa na kufungiwa mbali na shule, ili moto au mwizi asiondoke na vyote. Seva na diski zake ni milioni 2.9.

Matangazo ya wazazi tutayakodia nafasi kwenye seva ya nje. Laini ya intaneti ya shule ikikatika, mzazi aliyeko Kasulu au Uvinza bado ataona tarehe ya kufungua shule. Taarifa za wanafunzi hazitapelekwa huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana, na hata isingetubana, hawa ni watoto wetu.

Na watoto wenyewe watafaidi. Kupitia programu ya Kiwix watasoma Wikipedia ya Kiswahili, na kupitia programu ya Kolibri masomo na mazoezi, vyote vikiwa ndani ya seva yetu, bila kununua bando. Swichi ya mtandao, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta, na nyaya za kufikisha hayo madarasani ni milioni 1.2. Kabati la chuma na nondo za madirisha ni laki tano.

Jumla ni milioni 7. Bodi na walimu wameshachanga milioni 1.6, kwa hiyo zimebaki milioni 5.4.

Tukutane uwanja wa shule Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi. Asiye na fedha taslimu alete dumu la mawese, dagaa au kuku, tutanadi palepale. Mafundi umeme na waashi wanaoweza kutoa siku moja ya kazi, mchango huo nao tutauandika kwenye daftari. Fedha ipokelewe na mhasibu wa shule peke yake, na usiondoke bila risiti.

Kamati ya Harambee, kwa niaba ya Bodi ya Shule