Gari ikifutwa na bima, kadi nayo iseme

Mhariri naomba nafasi niongelee hizi gari ambazo kampuni ya bima imeshasema hazilipi kutengeneza, zile tunaita raiti-ofu, manake zinarudi barabarani kila siku na mnunuzi hana pa kujulia.

Mtu kubaki na gari yake sina ugomvi nako kabisa. Asesa, yule mtu wa bima anayekadiria hasara, anapiga hesabu kwa spea mpya, eabegi mpya (ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga), taa mpya, wakati mwenye gari akienda kwenye spea za mtaa wa Gerezani hapa Dar anapata taa na boneti zilizotumika kwa bei ya chini sana na fundi wa mtaani ananyoosha bodi kwa hela ya kawaida tu. Tuseme gari ina bima kubwa ya milioni 15 na matengenezo yamekuja milioni 11, kampuni inaona bora ikulipe ichukue mabaki ikayauze kwa zabuni, wewe ukisema unabaki nayo wanakata thamani ya mabaki, labda milioni 4, na ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, kinachobaki ndo chako. Kwa ushuru wa magari tunaolipa hapa kwetu hiyo ni akili, ila uliza hiyo milioni 4 imetoka wapi kabla hujasaini.

Shida inaanza baada ya hapo. Kadi ya gari ina jina la mmiliki, namba ya chesisi, injini, rangi, mwaka, lakini ajali haimo. Zikiuzwa kwa zabuni madalali wanazichukua, wanapiga rangi, picha zinawekwa mtandaoni "gari safi haina kipengele". Mdogo wangu alinunua moja ya hivyo. Ukiwasha swichi taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime, kwake haikuwaka kabisa, fundi alipofungua akakuta balbu imechomolewa na ndani ya usukani hamna eabegi, kifuniko tu kimegundishwa. Mikanda ya mbele nayo ilikuwa imekaza haivutiki vizuri. Na watoto wake walikuwa wanapanda humo kila asubuhi kwenda shule!

Halafu kuna wizi. Mtu ananunua mabaki siyo kwa ajili ya vyuma, anataka kadi na namba ya chesisi akaipachike kwenye gari ya wizi inayofanana nayo. Kama hakuna anayeikagua gari inaporudi barabarani, hapo tutamkamataje?

Uingereza tangu Oktoba 2017 wana makundi manne ya hizi gari zilizofutwa na bima. A inasagwa yote, B spea zinauzwa ila bodi inasagwa, S imeumia kwenye muundo wake na N haijaumia kwenye muundo. Mwenye gari ya S akitaka kubaki nayo anaomba upya kadi yake kwa mamlaka yao ya usajili wa magari, DVLA, na kadi mpya inaandikwa hilo kundi, atakayenunua anaona. Marekani nako majimbo mengi hati ya gari inabaki na alama hata kama umeitengeneza ikapita ukaguzi, na kweli bei inashuka, lakini mnunuzi anajua analipia nini.

Kwetu haihitaji mambo makubwa. Stika ya bima sasa hivi unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari, hapo hapo iongezwe kwamba gari hii iliwahi kufutwa na bima mwaka fulani. Kampuni ikishalipa ipeleke namba ya chesisi TRA, mamlaka ya mapato ambayo ndo inasajili magari, gari isipate bima tena mpaka polisi wa usalama barabarani wakague chesisi, mikanda, eabegi na breki, kisha kadi mpya itoke na alama yake. Aliyetengeneza vizuri hata bei ikishuka hatopoteza sana, atakuwa na karatasi ya kumwonesha mnunuzi.

TIRA na TRA wanaweza kuanza na hizi zinazouzwa kwa zabuni, manake orodha yake kampuni za bima wanayo tayari.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam