Kilo Kumi za Buni Hazirudi Kilo Kumi za Kahawa

Bwana mmoja wa Konde alituletea kilo 10 za buni, yaani kahawa mbichi, tumkaangie kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alipokuja kuchukua, mizani ikaonesha kilo 7 na gramu 950. Akasema mbele ya watu waliojaa dukani kwamba kilo mbili zake zimebaki ndani, akabeba mfuko wake akaondoka bila kusikiliza neno. Sikumfuata, maana mtu mwenye hasira hasikii hesabu. Lakini maneno yale yaliniuma, na si mara ya kwanza kuambiwa. Haupiti msimu wa harusi hapa Chake Chake bila mtu kutushuku. Basi nimeona bora niandike, asome anayetaka kujua kilo zake zinakwenda wapi.

Zinakwenda hewani. Buni iliyokaushwa vizuri shambani bado ina maji ndani yake, asilimia 10 mpaka 12 ya uzito wake. Ikiingia kwenye mashine na moto ukapanda, kitu cha kwanza kutoka ni yale maji. Zikikaribia nyuzi 200 punje zinaanza kupasuka, unasikia mlio, na hapo zinatoka gesi pamoja na vile vigamba vyembamba vinavyobanduka na kupeperuka. Kahawa iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya udongo mwekundu, inapoteza kiasi cha asilimia 13. Hii yetu ya barazani, nyeusi, iliyoanza kutoa mafuta, inapoteza asilimia 18, na mteja akitaka nyeusi zaidi inafika 20 na kupita.

Za bwana wa Konde zilikwenda hivi: gramu 300 tulizitoa mwanzo, zilikuwa punje mbovu, vijiti na kokoto, na takataka zake tulimwekea kwenye karatasi azione. Zikabaki kilo 9 na gramu 700. Toa asilimia 18 ya moto, unapata ile ile aliyoiona kwenye mizani. Hakuna hata kikombe kimoja kilichobaki kwetu.

Nashangaa kwamba hili linahitaji maelezo Pemba. Kila aliyeanika karafuu anajua kwamba kilo tatu mbichi zikikauka jamvini zinatoa kilo moja hivi, na sijasikia mtu akilishitaki jua. Kahawa ni hivyo hivyo, tena kahawa inapungua kidogo kuliko karafuu. Tatizo ni kwamba karafuu unaiona ikisinyaa kwa macho yako, siku baada ya siku. Kahawa inafanya kinyume: punje inavimba, inakaribia mara mbili ya ukubwa wake. Mtu analeta mfuko nusu, anarudishiwa mfuko umejaa, anaupandisha kwenye mizani unasoma kidogo. Lazima ashituke. Ukikaanga mwenyewe kwenye chungu juu ya seredani itakuwa vile vile, ila nyumbani hakuna anayepima baada ya kukaanga.

Sasa wako waliokwishaelewa haya, wakaona wametafuta ujanja. Wanakuja na kusema, "Itoe mapema, isipungue." Hapa ndipo watu wanapojiumiza, na nawaomba mnisikilize.

Mama mmoja wa Wete anayeuza kahawa kwa birika jioni alitushika sana kwa hilo. Nilimwambia, "Mama, haitakufaa." Akasema fedha ni zake. Tukamtolea mapema kama alivyotaka, akapata karibu nusu kilo zaidi kuliko kawaida yake, akaenda amefurahi. Haikufika wiki amerudi. Kahawa ilikuwa chachu, ina harufu ya majani mabichi, na wazee wa baraza, ambao wamekunywa kahawa tangu wana meno yote, walikuwa wakimrudishia vikombe. Ili kuipata rangi na ukali aliouzoea, akawa anatia karibu mara mbili ya kipimo chake. Ile nusu kilo aliyoiokoa ikaisha hapo, na nyingine juu yake. Akaniomba niirudishe motoni. Hilo halifanyiki. Kahawa iliyokwishapoa ukiikaanga tena inakauka tu, inakuwa nyeusi isiyo na ladha wala harufu. Zaidi ya hayo, punje isiyoiva ni ngumu, haivunjiki vizuri, na inakula meno ya mashine ya kusagia. Siku hizi mama yule akija hanipangii moto. Anakaa, anasubiri, anakwenda na kahawa yake nyeusi.

Ujanja wa pili ni "msichambue, kaangeni tu, mnipunguzie bei." Hili tumelikataa na tutaendelea kulikataa. Bei yetu ya kukaanga ina kuchambua ndani yake, na hatuvitenganishi. Buni inapetwa kwenye ungo, kisha inamwagwa mezani na mtu anakaa nayo chini ya taa. Anatoa punje nyeusi, zilizotobolewa na mdudu, zilizochacha, zilizovunjika. Punje chache zilizochacha zinatosha kuharibu birika zima, utainywa unahisi kitu kimeoza lakini huwezi kusema ni nini. Na kokoto hazionekani kirahisi, maana zina rangi moja na buni. Kuna duka moja la jirani, silitaji, lililokubali kusagia kahawa isiyochambuliwa kwa bei ya chini. Kokoto moja ilivunja mashine, na mwenye kahawa na mwenye mashine wakapelekana kwa sheha. Sikumbuki walivyosuluhishwa, ninachojua ni kwamba harusi ilikwisha kahawa ikiwa bado iko kwenye mashine.

Na kusaga kwenyewe. Nawaona watu wakichukua kahawa yetu nzuri na kuipeleka kwenye mashine ya viungo sokoni kwa sababu ni rahisi. Mashine ile asubuhi imesaga uzile, mchana pilipili manga. Kahawa inanyonya harufu ya kila kinachoigusa. Kijana mmoja wa Ole alinipa nionje ya hitma ya kwao, nikamwambia kabla sijameza kwamba imesagwa baada ya bizari. Ndivyo ilivyokuwa. Kama hutaki kusaga kwetu, twanga nyumbani kwenye kinu kisichotumika kwa kitu kingine, utapata kahawa safi, na mimi sitakuwa na neno.

Kunyonya harufu kunaanza hata kabla ya kukaanga. Nimeletewa buni iliyolazwa ghalani pamoja na magunia ya karafuu, na nyingine iliyosafiri kwenye boti mpaka Mkoani juu ya mzigo wa papa mkavu. Hiyo ya papa niliikataa palepale. Harufu ya namna hiyo moto hauiondoi, unaipika tu ndani. Msimu wa masika ni mbaya zaidi, kwa sababu buni inavuta unyevu wa hewa, inaongezeka uzito na kuanza kunuka uvundo. Ukiipima wakati huo utafurahi, ukishakaanga utalia, kwa kuwa maji yote yale yanatoka. Iwekeni juu ya ubao, mbali na ukuta, mbali na jiko.

Wateja vijana siku hizi wananiuliza wanunue buni gani, na swali hilo ninalipenda kuliko la bei. Kwa birika la barazani, robusta ya Kagera ndiyo inayobeba: ni nzito, ni chungu, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Arabika za Mbozi, Mbinga na Kilimanjaro zina ukakasi wa matunda na harufu nyingi zaidi, lakini ukizikaanga mpaka zikawa nyeusi kabisa umeziua, umelipa bei ya harufu na harufu umeichoma. Kwa harusi mimi nachanganya, robusta nyingi na arabika kidogo, hapo unapata uchungu na kitu cha kukumbuka baada ya kumeza. Msidanganywe na herufi AA kwenye gunia. AA ni ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekecheke yenye matundu ya milimita 7 hivi. Punje kubwa inaiva sawasawa, ni kweli, lakini nimekaanga B, zile punje ndogo zaidi, zilizoishinda AA kwa ladha mara nyingi.

Ukitaka kujifunza, pika mbili tofauti kwa wakati mmoja, kipimo kimoja, bila sukari, bila tangawizi wala iliki. Onja zikiwa moto, ziache zipoe kidogo, onja tena. Kahawa mbovu inajificha ikiwa moto, ikipoa inajisema yenyewe. Viungo tia baadaye, ukishaijua. Masufi wa Yemen katika karne ya 15 walikuwa wakinywa kahawa ili wakeshe kwenye dhikri, na sisi bado tunaipika usiku wa maulidi kwa sababu hiyo hiyo. Kitu cha umri huo kinastahili kuonjwa kwa utulivu angalau mara moja.

Kuhusu bei, naomba tusaidiane hesabu. Tuseme buni imenunuliwa shilingi 10,000 kwa kilo. Kwa kuchambua na kukaanga imeondoka asilimia 20. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa imeshafika 12,500 kabla ya kulipa gesi, umeme, nauli ya mzigo kutoka bara na mchambuaji aliyekaa mezani kutwa. Ukiona mahali panauzwa kahawa ya unga kwa bei ya chini ya buni mbichi, jiulize ndani mna nini. Mahindi yaliyounguzwa yana rangi nzuri sana, na kwenye unga hayajulikani. Ndiyo maana nawaambia watu wote, hata wasionunua kwangu: nunua punje nzima, uone kwa macho, ndipo usage.

Kuanzia sasa buni yote inapimwa mbele ya mwenyewe ikiingia na ikitoka. Uzito unaandikwa kwenye daftari, na takataka zilizochambuliwa unapewa pamoja na kahawa yako. Anayetaka kusimama karibu na mashine mpaka mwisho asimame, kiti kipo. Kahawa tunayoikaanga leo hatuisagi leo, inapumzishwa siku moja au mbili itoe gesi, na tunashauri usage ya wiki moja tu kwa wakati, nyingine ibaki punje kwenye chombo kinachofunga. Wenye harusi na maulidi walete buni wiki mbili kabla. Ukileta Alhamisi kwa harusi ya Ijumaa hatutapokea, hata ukiongeza fedha, maana kuchambua hakukimbizwi.