Kimeo kimekatwa, mkoromo umebaki

Ndugu Mhariri,

Nakuomba nafasi nizungumzie mkoromo, jambo ambalo huku kwetu Kojani hutajwa kwa kicheko tu. Bwana wangu ni mvuvi. Kwa zaidi ya miaka kumi wenzake wakipiga dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, humlaza chomboni peke yake, maana akilala kambini hakuna mwengine atakayelala. Nami nikienda kuchota maji naulizwa, "Jana mashine ya boti iliwaka mpaka saa ngapi?" Nikicheka nao.

Kicheko kiliniisha usiku mmoja mkoromo ulipokatika ghafla. Kifua kinapanda, pumzi haitoki. Tasbihi ilikuwa mkononi, nikavuta punje moja moja, taratibu. Nilifika ya ishirini na mbili ndipo akashtuka kama mtu aliyezama akaibuka, akageuka ubavu, akaanza upya. Mchana akiwa anashona nyavu usingizi unamchukua sindano ikiwa mkononi. Na si mnene, kama watu wanavyodhani wakoromaji wote walivyo. Bwana wangu ni mwembamba kama upondo.

Hospitali ya mwanzo tulipewa dawa ya mafua, tukarejea. Watu wazima wakasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka, kikatwe. Nilikataa, nikazidiwa nguvu. Akakatwa barazani kwa mtu, akatema damu kwenye beseni mpaka alasiri. Wiki tatu baadaye mkoromo ukawa ule ule.

Tuliuza mashine ndogo ya boti tukenda Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyu hakumuuliza mgonjwa, aliniuliza mimi. Nikamweleza habari ya tasbihi, akaiandika. Kisha akatufahamisha kwamba mkoromo ni nyama laini zinazotikisika hewa ikipita pahala pembamba, na pahala penyewe panaweza kuwa puani, kwenye kaakaa laini, kwenye mafindofindo au nyuma ya ulimi. Anayekata bila ya kujua ni wapi anabahatisha. Kwa bwana wangu ukuta wa pua umepinda, maana foromali, ule mti wa tanga, ilimpiga zamani, na mafindofindo yalikuwa makubwa karibu yagusane. Kovu la kile kimeo nalo limelivuta kaakaa, likamzidishia kazi daktari.

Akalazwa usiku mmoja amefungwa nyaya ili zihesabiwe pumzi zinazokatika kwa sekunde kumi au zaidi. Zikipita 30 kwa saa, ugonjwa huo wa kukatika pumzi usingizini ni mkubwa. Yeye alipata 41.

Nilidhani kesho yake ni kisu. La. Daktari alianza na mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, iliyobuniwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasema kwa ugonjwa wa kiasi kile hiyo ndiyo tiba ya mwanzo. Bwana wangu akamuuliza, "Daktari, nikiwa dago naichomeka wapi?" Kambini analala juu ya mchanga, taa yake ni ya tochi. Hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji yalipoanza, na ninaloshukuru ni kwamba hatukupambiwa maneno. Kunyoosha pua peke yake, tuliambiwa, humfanya mtu avute hewa vizuri lakini mara chache huondosha mkoromo. Kupunguza kaakaa, kazi ambayo Ikematsu wa Japani aliielezea mwaka 1964, huwafaa vizuri karibu nusu tu ya wanaofanyiwa bila ya kuchaguliwa. Mwenye mafindofindo makubwa ana matumaini zaidi. Kuna kusogeza mbele mataya yote mawili, na kuna kifaa cha kuamsha mshipa wa fahamu wa ulimi kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2014. Bei yake nilipoisikia niliomba maji ya kunywa.

Akatolewa mafindofindo, kaakaa likarekebishwa, pua ikanyooshwa. Aliyepata kusema ni jambo dogo hajapata kulifanya. Wiki mbili alikunywa uji wa baridi huku anaota urojo, ambao alikatazwa kwa ndimu na pilipili zake. Maji akiyanywa haraka yalitokea puani. Siku ya saba magamba ya kidonda yalipobanduka, alitema damu na tukarudi hospitali usiku, jambo ambalo tulikuwa tumeshaonywa. Ndiyo maana nasema asiyeweza kulala karibu na hospitali siku zile asikubali kisu.

Mama wenzangu wenye watoto wanaolala midomo wazi na kukoroma, mara nyingi ni mafindofindo na vinyama vya nyuma ya pua, na kwao kuvitoa ndiyo tiba ya mwanzo. Mpelekeni mtoto hospitali, si kwa mkata kimeo.

Ninachoomba, Mhariri, ni wanaopanga huduma za afya watufikirie sisi wa Pemba: kipimo cha usingizi kisitulazimishe kuuza mashine ya boti. Bwana wangu anatakiwa arudi kupimwa tena mwezi wa sita, na mashine ya pili hatuna.

Kwa sasa anakoroma kidogo, na wenzake wamemrudisha kambini, upande wa mwisho. Akiwa nyumbani naendelea kuhesabu. Usiku wa juzi nilifika punje ya nne.

Mke wa mvuvi,
Kojani, Pemba