Fungua tena ile fomu

Mpendwa Saumu,

Salamu nyingi. Nimesoma kwamba umeacha kuomba nafasi ya mafunzo ya utafiti ya kiangazi kwa sababu alama zako za kemia si za juu. Tafadhali, ndugu yangu, ifungue tena ile fomu.

Mafunzo hayo yalianzishwa kwa ajili ya wanafunzi ambao Marekani imewaona wachache mno kwenye maabara za afya: Weusi, Walatino, wenyeji asilia, wenye ulemavu, na sisi tulio wa kwanza kufika chuo kikuu kwenye familia zetu. Hakuna anayetarajia uingie ukiwa mtaalamu. Kwa kawaida ni wiki 8 hadi 10, unapewa msimamizi, posho na mara nyingi malazi, kwa hiyo hutalazimika kuacha utafiti ukatafute kibarua.

Mimi nilipangiwa timu inayochunguza kipima oksijeni, kile kibanio cha kidoleni. Hupitisha mwanga kwenye ngozi na kukadiria oksijeni iliyo kwenye damu. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu. Na kilikuwa kimetumika hospitalini kwa miongo kadhaa! Kazi yangu ilikuwa kulinganisha, mstari kwa mstari, namba ya kibanio na kipimo cha damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mgonjwa huyohuyo. Ukikuta asilimia 94 kwenye kibanio na 86 kwenye damu, unajua kuna mtu alikuwa anakosa hewa huku mashine ikisema hajambo. Iliniuma sana. Tangu hapo sina shaka kwamba wanaotoka kwetu wanahitajika humo maabara, maana swali la iwapo kibanio husoma sawasawa kwenye ngozi nyeusi lilichelewa mno kupewa uzito.

Usivutwe na jina la chuo. Tafuta msimamizi mwenye muda wa kukufundisha. Waombe walimu barua za mapendekezo mapema, kwani maombi mengi hufungwa Januari au Februari. Baadhi ya programu zilifutwa mwaka 2025, basi hakikisha unayoiomba bado ipo, na usome masharti ya uraia au ukaazi. Kwenye insha, andika yale uliyonisimulia kuhusu bibi yako na dialisisi, ule usafishaji wa damu kwa mashine, kama ulivyonisimulia.

Nitumie rasimu hata kama haijakamilika, nitaisoma siku hiyohiyo.

Wako akupendaye,
Zawadi