Katiba ya Marekani: wanafunzi wafundishwe hesabu za kura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna serikali ya Marekani inavyofundishwa kwa wanafunzi wa sekondari. Mara nyingi somo huanzia na kuishia kwenye mihimili mitatu: Bunge hutunga sheria, Rais huzitekeleza, Mahakama huzitafsiri. Ni kweli hayo yamo katika Ibara tatu za mwanzo za Katiba iliyotiwa saini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787. Lakini mwanafunzi aliyeishia hapo atachanganyikiwa na habari ya kwanza itakayotoka Washington, kwa sababu mamlaka ya kila mhimili hupimwa kwa kura: ngapi, za nani, katika baraza lipi.

Tuanze na muswada. Sharti upitishwe na Baraza la Wawakilishi na pia Seneti, kwa maneno yale yale. Mabaraza yakitofautiana hata kifungu kimoja, bado haujapita. Kisha unakwenda kwa Rais, naye ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akitia saini, umekuwa sheria. Akitumia kura ya turufu, anaurudisha pamoja na sababu zake, na mabaraza yote mawili yanaweza kumshinda kwa theluthi mbili katika kila moja. Asipofanya lolote na Bunge likawa bado linakaa, muswada unakuwa sheria bila saini yake. Ila kama Bunge limekwisha kuahirishwa na hana pa kuurudishia, muswada unakufa, na hakuna kura ya kuufufua. Vitabu vingi huiruka njia hii ya mwisho, ilhali marais wameitumia mara nyingi.

Wanafunzi pia hukariri namba kana kwamba zote zimeandikwa katika Katiba. Sivyo. Viti 435 vya Baraza la Wawakilishi vimewekwa na sheria ya kawaida. Majaji 9 wa Mahakama ya Juu vivyo hivyo, tangu 1869. Bunge linaweza kubadili idadi hiyo bila kugusa Katiba. Kura 60 zinazohitajika kufunga mjadala wa miswada mingi katika Seneti ni kanuni ya Seneti yenyewe. Hata mamlaka ya Mahakama kubatilisha sheria inayopingana na Katiba hayakuandikwa waziwazi. Yaliwekwa imara na hukumu ya Marbury dhidi ya Madison ya mwaka 1803.

Penye makosa mengi zaidi ni uchaguzi wa Rais. Mwananchi anapopiga kura Novemba, kisheria anachagua wajumbe wa jimbo lake, ambao ndio humpigia Rais kura. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wawakilishi wake kujumlisha maseneta wake wawili. Kwa hiyo California ina 54 na Wyoming ina 3. Ukijumlisha 435 na 100, kisha ukaongeza 3 wa mji mkuu waliotolewa na Marekebisho ya 23, unapata 538, na mshindi lazima afikishe 270. Karibu kila jimbo humpa aliyeongoza wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura chache. Maine na Nebraska tu ndizo hugawa kwa wilaya za uchaguzi. Ndiyo maana mwaka 2000 na 2016 aliyepata kura nyingi za wananchi alishindwa. Hakuna aliyeiba hesabu hapo. Ndivyo hesabu yenyewe ilivyopangwa.

Je, asipopatikana wa kufikisha 270? Baraza la Wawakilishi humchagua Rais kutoka miongoni mwa watatu walioongoza, na hapo kila jimbo lina kura moja, liwe kubwa au dogo. Zinatakiwa 26. Baada ya uchaguzi wa 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura za wajumbe, lakini Baraza likamchagua John Quincy Adams.

Kumwondoa Rais madarakani ni hatua mbili ambazo hazifai kuchanganywa. Baraza la Wawakilishi humshtaki kwa wingi wa kawaida. Seneti ndiyo humhukumu, na kumtia hatiani kunahitaji theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Andrew Johnson alinusurika kwa kura moja mwaka 1868. Bill Clinton alishtakiwa mara moja, Donald Trump mara mbili. Mpaka leo hakuna Rais aliyeondolewa kwa njia hii. Richard Nixon alijiuzulu mwaka 1974 kabla Baraza zima halijapiga kura.

Kuibadili Katiba ni kugumu kuliko yote hayo. Theluthi mbili ya kila baraza hupendekeza, kisha majimbo 38 kati ya 50 yaridhie. Saini ya Rais haihitajiki. Marekebisho yaliyopita ni 27 tu, 10 ya kwanza yakiwa yameridhiwa pamoja mwaka 1791. La 27, linalozuia wabunge kubadili mishahara yao kabla ya uchaguzi kufanyika, lilipendekezwa mwaka 1789 na kuridhiwa 1992.

Ombi langu kwa dawati lako la habari za kimataifa ni dogo. Kila mnapoandika kwamba kura imepita au imeanguka Washington, wekeni pembeni kiwango kilichotakiwa. Februari 2021 maseneta 57 walipiga kura ya kumtia Trump hatiani na 43 wakapinga, naye akaachiwa. Mwanafunzi asiyeelezwa kwamba zilihitajika 67 ataona kama gazeti limekosea.

Mwalimu wa Uraia