"Sijui" mnaiweka wapi?

Mhariri,

Kila ninaposoma gazetini kwamba wananchi wamehojiwa na "wastani wa maoni ni 3 kati ya 5", nawakumbuka bibi wawili wa Muheza niliowahoji mwaka 1998, nilipokuwa mdadisi wa kibarua wakati shule zimefungwa.

Swali lilikuwa: je, kula maembe mabichi huleta malaria? Wa kwanza alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata macho. "Sijui, mwanangu. Hilo waulize wa hospitali." Jirani yake alifikiri kidogo, akasema huleta, ila kwa mtoto, tena akila mengi. Huyu ana msimamo, ingawa wa nusunusu. Mwenzake hana kabisa. Dodoso lilikuwa na ngazi ya namba, kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali sana), likanitaka wote wawili niwaandikie 3, ya katikati. Nilimuuliza msimamizi, akanijibu kompyuta haijui "sijui", nijaze twende. Nikajaza (posho ilikuwa bado haijatoka).

Rensis Likert, Mmarekani aliyeanzisha ngazi hii ya majibu matano mwaka 1932, katikati aliweka wasioamua. Sisi tumewasukumia humohumo na wasiojua. Hata modeli za kitakwimu zilizofuata, yaani kanuni za kuyahesabu majibu kama haya, ya Fumiko Samejima ya mwaka 1969 na ya Geoff Masters ya mwaka 1982, huchukulia majibu kuwa ni vipandio, kimoja juu ya kingine. Mtakwimu mwingine, Darrell Bock, katika modeli yake ya mwaka 1972 aliondoa mpangilio wote. Lakini ukifanya hivyo unatupa hata unachokijua, kwamba "nakubali sana" imepita "nakubali". Majibu ya Muheza yalikuwa na mpangilio wa sehemu tu: mengine yamo ngazini, "sijui" imesimama pembeni.

Kuyahesabu inawezekana. Unatazama kwanza nani amejibu na nani hajui, maana kutojua nako kuna sababu zake: umri, elimu, umbali wa zahanati. Waliojibu ndio unaowapanga kwenye ngazi.

Bibi wa pili inabidi ubishane naye kuhusu maembe. Wa kwanza ungemweleza tu habari ya mbu, yamekwisha. Mganga wa zahanati akiletewa 3 na 3, ataanzia wapi?

Naomba basi, mnapochapa wastani, chapeni na idadi ya waliosema hawajui. Mtafiti akisema hana idadi hiyo, mwulizeni aliwajazia namba gani.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Muheza, Tanga